Maji ya Giligilani ya Kumpoza Baba

Ukipita karibu na tanuri la matofali siku ya kwanza linapowashwa, utasikia harufu ya udongo unaotoa jasho. Wako wanaoipenda. Mimi nikiisikia hugeuza njia, na sioni haya kuwaambieni hivyo. Baba yangu alirudi nayo nyumbani kila jioni ya kiangazi, miaka ile ya sabini vijiji vipya vilipokuwa vikijengwa Kasulu, naye akichoma matofali ya shule kule Titye.

Baba alikuwa mwepesi wa mkono. Watu wakisema hivyo hucheka, kana kwamba ni kipaji. Alimpiga mama kwa sababu ugali umepoa, kwa sababu ugali ni wa moto, kwa sababu ameitika polepole. Siku moja alimburuta kwa nywele hadi uani, kuku wakatawanyika. Majirani walisema ni joto la tanuri limempanda kichwani, mvua zikianza atatulia. Nilikuwa na miaka minane, na nililiamini hilo kama nilivyoamini kwamba jua linakwenda kulala Burundi.

Mjini mama alikuwa akimfulia nguo Mama Shirin, Mhindi Mwislamu mwenye duka la vitambaa na viungo. Kiangazi kile, kila mama alipomaliza kufua, Mama Shirin alimkalisha kwenye mkeka nyuma ya duka, akamfungua kitambaa cha kichwa, akammiminia mafuta ya nazi utosini na kumsugua taratibu, kisha nyayo. Alieleza kwamba kila mwili una moto wake, na kiangazi moto huo hupanda. Basi mtu aache pilipili na dagaa wakavu, ale tango na mtindi, asile kwa pupa, na asubuhi anywe maji yaliyolala na mbegu za giligilani. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Nilisikiliza yote huku nikilamba sukari guru, nikiona mama anajipendezesha tu.

Tulipofika nyumbani mama alinipa kikombe cha bati na kifuko cha mbegu.

"Kazi yako ni hii," aliniambia. "Kila jioni uziloweke. Ni za kumpoza baba yako."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho. Nilizipondaponda kwa jiwe, nikaziloweka, nikafunika kwa kisahani, na nilimfukuza hata paka aliyesogea. Asubuhi mama alikichukua kikombe akaingia nacho ndani, akakirudisha kitupu. Siku Bwana Maendeleo, afisa wa serikali aliyesimamia ujenzi wa shule, alipokuja kwetu kula baada ya kukagua matofali, baba, aliyetoka tanurini moja kwa moja, alizungumza kwa upole kama bwana harusi. Nikajisifu moyoni kwamba hiyo ni giligilani yangu.

Kisha nikasahau. Nilicheza hadi nikachoka, nikalala bila kuloweka. Kesho yake jioni baba aliuliza shati lake liko wapi. Lilikuwa kambani, bado bichi. Alichukua kalibu ya mbao ya kufyatulia matofali, akampiga nayo mama mgongoni, akampiga begani, na mama alipoinua mkono kukinga uso nikasikia mfupa unavunjika, kama kuni kavu. Hakulia. Alikaa chini akautazama mkono ulivyopinda. Baba akamtia teke la mbavu, akaenda zake kunywa pombe ya ndizi. Mimi nilikuwa nyuma ya mtungi, nimejikojolea, nikijua wazi nani aliyeyaleta yote yale.

Mvua zilianza, na baba hakutulia. Kabla hazijaisha mama alinishika tukapanda lori la Kibondo kwa wajomba zangu. Mkono wake uliunga vibaya, haukunyooka tena. Kila nilipomwona akijitwisha ndoo kwa mkono mmoja, nilitafuta pa kujificha.

Nilikuwa nimeshazaa watoto watatu ndipo nikamweleza, tukichambua maharage, kwamba jioni ile nilisahau kuloweka. Nilimwomba msamaha nikilia kama mjinga.

Mama aliacha kuchambua. "Baba yako hakuyanywa maji yale hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nayanywa mimi. Moyo ulikuwa unaniwaka, silali, chakula hakipiti. Mama Shirin alinipa mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi alinidanganya. Akasema nilikuwa natetemeka kila jua likishuka, naye alitaka mikono yangu iwe na kazi.

Nilimkasirikia mwezi mzima, nakiri. Leo nina umri wa kuelewa. Mwanamke aliyekuwa akipigwa kila siku alijitafutia mafuta kidogo utosini na kikombe cha maji ya baridi, na kwa hayo akabaki na nguvu za kulipanda lile lori. Baba naye aliweza kujizuia vizuri sana mbele ya Bwana Maendeleo. Si tanuri, si kiangazi, si mtoto aliyelala mapema. Mkono wa mama aliuvunja baba.