Kioo Nyuma ya Trela

Idi Nzabonimpa ana vidole tisa, na cha kumi anajua alikokiacha. Kilibaki Kamembe, hapa Rwanda, mbele ya ghala la saruji, siku aliyoingiza mkono kati ya chuma cha trela na ndoano ya gari huku mwenzake akirudi nyuma polepole. Polepole ya mwenzake haikutosha. Tangu hapo, mtu akimuuliza kuvuta trela ni kazi gani, humwonyesha kiganja cha kushoto na kuendelea na chai yake.

Trela alilichomelea mwenyewe, kwa ekseli ya gari lililokufa na mbao za mabenchi ya kanisa. Yeye ni Mwislamu wa swala tano, lakini alizichagua mbao hizo kwa sababu, alisema, zimezoea kukaliwa na watu wazito. Kufikia mwaka 2009 alikuwa amelivuta nyuma ya pikapu yake miaka ishirini na miwili: mchele wa Bugarama, matofali, vitanda vya watu wanaohama nyumba na, mara mbili, watu waliokuwa wamehama dunia. Hao wa mwisho ndio wateja aliowapenda kuliko wote. Hawakumwelekeza jinsi ya kupakia.

Wengine wote walimwelekeza. Idi alikuwa na kanuni moja tu: kizito kikae juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, ili trela liegemee gari. Ukikiweka mkiani, trela linainua matako ya gari, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na kuanzia hapo mwenye safari si dereva tena. Watu waliisikiliza kanuni hiyo kama wanavyosikiliza matangazo ya mwisho wa misa, wakiwa wamekwisha kusimama, macho mlangoni.

Julai ya mwaka huo familia moja ya Gihundwe ilimkodi apeleke vitu vya bi harusi, Joséphine, kwa wakwe zake wa Giheke, kwa akina Munyaneza. Kwetu bi harusi hutanguliwa na kitanda, godoro, viti na masufuria, na majirani wa pande zote mbili husimama barabarani kuhesabu. Kwa hiyo vitu hivyo havisafirishwi. Vinatembezwa.

Harusi ilikuwa na komite yenye rais, makamu wawili, katibu na mshauri, na zipo serikali zilizoanza na watu wachache zaidi. Rais alikuwa Maman Marguerite, shangazi wa bi harusi, mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kaka yake mkubwa, Mzee Ntabaza, alikuwa amevuka daraja la mpakani asubuhi hiyo akiwa na suti, tai, na zawadi iliyobebwa na wanaume sita: kabati la nguo la milango mitatu, la libuyu, mbao nyekundu za msituni, na kwenye mlango wa kati kioo kirefu kama mtu. Ntabaza alitaka lisimamishwe mwisho kabisa wa trela, kioo kikitazama nyuma, ili msafara mzima uje ukikitazama.

Idi alisema hilo haliwezekani. Alieleza kanuni yake, na akainama kuonyesha magurudumu.

"Sasa Mzee Idi," Maman Marguerite akamkatiza, "tukiliweka mbele, nani ataliona? Wewe utakuwa unageuka kuliangalia?"

Komite ikacheka. Idi naye akacheka kidogo, kisha akanyamaza, na mpaka leo anakubali kwamba kosa lilikuwa hapo, katika kunyamaza kwake. Ntabaza alikuwa mgeni, mkubwa wa ukoo, na mtoa zawadi. Kumwambia mtu wa namna hiyo afiche zawadi yake chini ya magodoro ni kama kumwambia akae jikoni. Isitoshe, wanaume wote wa komite walivaa tai, na yeye aliyejua alikuwa na ovaroli yenye grisi. Alifunga kamba mara mbili zaidi, kama kwamba tatizo lilikuwa kamba, akaondoka. Maman Marguerite alikaa kando yake. Ntabaza alifuata kwenye gari la kwanza la msafara, uso kwa uso na kioo chake.

Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Watu walipunga mikono, na waendesha moto, pikipiki za abiria, walipunguza mwendo ili wajitazame. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea Giheke, na Idi akahisi usukani umekuwa mwepesi mikononi. Trela lilitingishika kushoto, likarudi, likaenda kulia zaidi. Chini kule, ukingoni mwa barabara, akina mama walikuwa wanatoka sokoni kwa mstari mmoja, vikapu vya nyanya kichwani. Idi aliwaona wote. Anasema angeweza kuwahesabu.

Nyuma, Ntabaza aliona gari lake mwenyewe kiooni likirushwa huku na huku, na uso wake ndani yake. Aliamini ni gari lake lililoharibika. Akamwamuru dereva wake asimame.

"Fanya freni," Maman Marguerite alisema. Alikuwa ametoa rozari.

"Nikifanya freni, trela inatupita, Maman, na inaenda kwa bale bamama. Wewe kamata rozari. Mimi ninakamata volani."

Mguu ulitaka breki, anasema, kama mtoto anavyotaka titi. Akauondoa. Aliachia mafuta, akashikilia usukani katikati bila kubishana na trela, akaiacha injini ikilia ndani ya gia ndogo. Akina mama walisikia mlio, wakaruka mtaro, vikapu vikabaki barabarani. Trela lilipitisha mkia juu ya nyanya zao mbili tatu. Kisha likaja lile jambo jema la nchi hii, kwamba hakuna mteremko usiofuatwa na mlima, na mlima ukakamata kila kitu kwa upole mpaka pikapu ikasimama.

Idi alishuka, akakaa chini kando ya tairi. Ntabaza alipofika kwa miguu, jasho likimtoka kwenye tai, Idi hakusimama.

"Papa Ntabaza, kabati linalala mbele, ama mimi ninalala hapa. Sitoki."

Mzee alitazama barabara walikotoka, michirizi myeusi ikienda kama nyoka mpaka kwenye vikapu. Kisha akavua koti, akashika kona ya kabati. Walililaza kifudifudi mbele ya magurudumu, juu ya godoro, na Maman Marguerite akafunika kwa kitenge chake mwenyewe.

Walifika Giheke bila yeyote kukiona kioo. Wakati wa hotuba, Ntabaza alisimama na kuwaeleza akina Munyaneza, kwa Kifaransa kwanza, kwamba yeye ndiye aliyeamuru kabati lilazwe, kwa sababu mzigo mzito lazima ukae mbele ya magurudumu, kanuni ambayo madereva wengi hawaijui. Wakapiga makofi. Idi, sahani ya wali mkononi, alipiga pia.

Siku hizi mteja akianza kumwelekeza, habishani. Anasema yuko mtaalamu mmoja wa Bukavu, Mzee Ntabaza, mtu wa tai, aliyesema kizito kinakaa mbele. Wanauliza kama amesoma. Amesoma sana, Idi anajibu, na wanapakia sawasawa. Nilimuuliza kama haimuumi, maneno yake kutembea yamevaa suti ya mwingine. Akasema bale bamama wa vikapu hawakumuuliza maneno ni ya nani.

Kisha akaenda kukanyaga chuma cha trela kwa kisigino, asikie kama limeegemea gari, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya mfuko.