Mama wa Mhandisi Hapiti Chini

Hebu mwone anavyoingia, msomaji wangu. Begani ana mkoba wa ramani zilizoviringishwa, viatu vimeshika vumbi la barabarani, na kabla hajakaa anauliza, "Mama Mkubwa hajambo?"

"Hajambo sana," mama yake anajibu, macho kwenye cherehani. "Jana tu tulikuwa wote. Kaongea mpaka mate yakamkauka."

Binti anacheka, anakunywa maji, anaondoka. Kazi zinamngoja.

Mji mzima ulimwita binti huyo Mhandisi, hata wale waliomjua tangu anakimbia pekupeku. Ndiye aliyepanga barabara kuu, mji ulipoanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira. Zamani ilikuwa njia ya magari mawili kupishana kwa taabu. Mama alikaa upande huu. Mama Mkubwa, dada yake wa tumbo moja, upande ule. Alasiri mama alikuwa akivuka na nguo zake za kupinda pindo, wakakaa wawili hao kuteta watu mpaka giza liwafukuze.

Barabara ikapanuliwa, magari yakashika mbio, watu wakaanza kufa. Mhandisi hakupata usingizi. Akachora daraja la juu la waenda kwa miguu, na uzio katikati ya barabara ili mtu asikatize. Mteremko wa kupandia taratibu ungekula maduka ya watu, basi akaweka ngazi. Wasioweza kupanda, akaandika, watazunguka kwenye taa za kule mbele. Kwenye ramani, kule mbele palikuwa karibu.

Siku ya kulifungua mama alitangulia kupanda. Alipofika juu akashika kiuno, akahema, "Mwanangu, huku malaika si wataniuliza mbona nimewahi?" Watu wakaangua kicheko. Mhandisi alicheka kuliko wote.

Baadaye alitaka mara kadhaa kumpeleka mama kwa gari. Mama akamfukuza. "Gari la nini? Mguu ni dawa. Shika kazi yako."

Mama Mkubwa alifariki kitandani mwake, alfajiri. Siku hiyo mama aliingia kwenye gari bila ubishi, wakazunguka kwenye taa. Mlangoni binti wa marehemu alimwangukia mama kifuani. "Mama Mdogo, umekuja! Kakuulizia mpaka mwisho."

Mhandisi alidhani ni maneno ya msiba tu. Lakini yalimchoma. Akamvuta yule dada yake pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

"Dada, kwani Mama alikuwa haji?"

"Wee, hujui?" Dada akafuta macho kwa mkono. "Tangu mvua za mwaka jana. Magoti. Jioni nilikuwa namtoa Mama nje, namweka kwenye kiti. Mama yako anasimama ng'ambo, wanapungiana vitambaa. Simu yenyewe Mama alikuwa haisikii. Lori likisimama hapo kati, anagomba: 'Toeni hilo dude, limeniziba mdogo wangu!'"

"Si angeniambia!"

"Mimi nilimwambia apite chini, pale vijana walipokata uzio. Ningemshika mkono. Akaja juu: 'Watu waseme mama wa Mhandisi naye anaruka uzio? Mwanangu atauweka wapi uso wake?'"

Mhandisi akaegemea ukuta. Nje, kile kiti bado kilikuwa mlangoni, kimeelekea barabarani.

Wakati wa kurudi, walipofika kwenye taa, Mhandisi akasimamisha gari.

"Mama, mbona ulinificha?"

Mama alitazama dirishani. "Ulikuwa na furaha, mwanangu. Kila ukija, wimbo ni huo huo: tangu daraja lijengwe, hakuna aliyekufa. Ningeanzia wapi?" Akamgeukia. "Na kweli. Hakuna aliyekufa pale."

Taa ikawa ya kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi, na Mhandisi akashindwa kuondoa gari.

Msiba ulipokwisha alipeleka mchoro mpya kwenye kikao cha mji: kivuko cha usawa wa barabara, juu ya tuta pana la kuyalazimisha magari kutambaa, taa yenye kitufe cha mwenda kwa miguu, na pengo kwenye uzio. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, wala hakumkejeli. Aliuangalia ule mchoro kwa muda, akavua miwani.

"Mhandisi, daraja lako ndilo tunalojivunia. Wageni tunawapeleka kulitazama. Sasa unataka tusimamishe magari ya mji mzima. Hebu niambie, tangu lijengwe, pale amekufa nani?"

Mhandisi alizipitia hesabu kichwani. Aliyevuka alihesabiwa; aliyegongwa alihesabiwa. Aliyebaki upande wake akipunga kitambaa, Mhandisi mwenyewe hakuwa amempangia mahali pa kuhesabiwa. Huko nyumbani, jioni ikifika, mama alikuwa hatoki tena mlangoni. Angetoka kumtazama nani?

Wajumbe walikuwa wanamngoja. Nawe msomaji wangu, kama ndiwe uliyesimama pale, na mama huyo ni wako, ungemjibu nini mwenyekiti?