Nilivyomkosoa baba mkwe kwenye mlango wa maji, posa haijajibiwa

Wakuu, marahaba kwa wote, maana humu sidhani kama kuna aliyenizidi umri. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza kitu.

Enzi za Mwingereza, Mtoni. Mie nilikuwa kijana wa bara, mchoraji ramani serikalini, hesabu zinapanda kweli kweli.

Nikampenda Mwanaidi. Nikapeleka posa kwa baba yake, Mzee Kibwana, fundi seremala. Jibu bado.

Sasa majirani wakampa mzee kazi: mlango wa mbao wa kuzuia maji ya bahari yasiingie kwenye mashamba yao ya chumvi. Futi sita kwenda chini, futi nne upana. Ukivunjika, chumvi ya msimu mzima inayeyuka.

Nikaenda nyumbani kwake kuutazama. Lahaula! Mbao tatu za kukaza kapanga kwa nafasi sawasawa juu, kati na chini, kama mlango wa nyumba. Unapendeza, lakini maji hayaangalii uzuri.

Ngoja niwaeleze, msikimbie.

Presha inaongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo kata mlango kichwani mwako vipande vyembamba vya kulala. Kila kipande: uzito wa maji, mara kina chake, mara eneo lake. Jumlisha vyote toka juu mpaka chini. Hiyo ndiyo integration, hakuna uchawi.

Maji ya bahari ni kama ratili 64 kwa futi moja ya ujazo, upana ni futi 4, na kina kikijumlishwa toka 0 mpaka 6 kinatoa nusu ya 6 mara 6:

64 × 4 × (6² ÷ 2) = ratili 4,608

Zaidi ya tani mbili! Na robo tatu ya mzigo huo iko nusu ya chini.

Kwetu mkwe hakosolewi, sembuse wakati posa haijajibiwa. Nikasema hivyo hivyo.

"Shikamoo mzee. Hizo mbao zisogee chini."

"Marahaba. Kijana, umekuja kuposa au kunifundisha useremala?"

"Vyote viwili, mzee."

Jamani, ujana! Mwanaidi pale dirishani akajishika kichwa. Mzee akaenda kuufunga mlango wake kwenye maji vile vile, bila kusogeza ubao.

Bamvua likaja, yale maji makubwa ya bahari. Maji yakapanda mpaka ukingoni, ubao wa chini ukaanza kubinuka na kulia. Majirani wanapiga mayowe.

Mzee akanigeukia. "Mkwe, lete mbao! Chini wapi?"

Tukashuka upande mkavu, nikamwonyesha, tukagongelea mbili. Ukatulia. Chumvi ikapona. Wenzangu wanashangilia mlango, mie nashangilia kuitwa mkwe.

Siku ya harusi mzee akatuletea zawadi: mlango wa chumba chetu. Mbao zote za kukaza kazirundika chini!

"Hata bahari ikija chumbani," akasema, "mwanangu atalala."

Watu walicheka mpaka basi.

Funzo: ukiwa na hakika na hesabu yako, iseme kwa heshima, lakini iseme.

Haya, nani humu kamkosoa mkwe na bado akapewa mke? Leteni visa. Mwanaidi yuko hapa pembeni ananisomea kwa sauti, anasema mlango bado unafunga vizuri, na mie bado nina kidomodomo.