Skrubu Nne za Boksi la Habiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spika mbovu nikaambiwa niiguse. Fundi Mkuu wa karakana ile ya redio za magari, Singida mjini, hakunipa bisibisi wala hakuniuliza nimesoma wapi.

"Weka vidole vyote kwenye karatasi yake, usukume ndani taratibu, kwa usawa," alisema. "Ukisikia inakwaruza, koili, ule waya uliosokotwa nyuma yake, imeungua au imepinda. Ikienda kimya, usiisingizie spika. Mwizi yuko kwingine."

Nilisukuma, ikakwaruza. Nikasema, "Koili." Aliitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo nilikuwa mtu wake.

Wakati ule kazi yetu ilikuwa redio za kaseti. Baadaye zikaja sabufa, yaani spika kubwa za besi zinazofungwa ndani ya boksi la mbao na kuwekwa kwenye buti la gari. Ugonjwa wa sabufa unaosumbua kuliko yote ni kukoroma: muziki unapiga vizuri, besi ikishuka unasikia krrr, krrr. Vijana wa sasa hukimbilia kununua spika mpya. Sisi tulianza kwa kutoa boksi garini, tukaliweka chini na kulipigia muziki likiwa peke yake. Likinyamaza, anayekoroma ni gari lenyewe: kibati cha namba, mlango wa buti, jeki iliyolegea. Likiendelea kukoroma, tunakaza skrubu, tunapitisha kiganja kwenye maungio kutafuta pumzi inayovuja, ndipo mwisho tunaigusa spika. Kwa kazi hiyo nilikuwa wa kwanza pale, na nilipenda kuambiwa hivyo.

Meneja alinipeleka tawi la Manyoni kwa miaka miwili. Niliporudi Singida nilikuta meza yangu ina mtu. Alikuwa Habiba, mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Itigi, aliyejifunza redio kwa baba yake.

"Karibu tena, kaka Elia," alinisalimu. "Nimekutunzia meza."

Sikumjibu vizuri. Wiki ile ile lilikuja gari lenye kelele, likanishinda tangu asubuhi. Habiba aliomba apigiwe wimbo wenye besi nzito, akatembeza kiganja juu ya bati la gari, hatua kwa hatua, kama mama anayepima homa ya mtoto. Alipofika nyuma, chini ya kioo, akabonyeza, na kelele ikakatika. Kipande cha plastiki kilikuwa kimeachia kibanio chake.

Fundi Mkuu alicheka kwa furaha. "Elia, umeona? Huyu anasikia kwa mkono!"

Niliona. Ndiyo shida yenyewe. Kuanzia hapo wateja walikuwa wakishuka garini na kuuliza, "Yule mama yupo?" Mimi nimesimama mbele yao, bisibisi mkononi. Nyumbani mke wangu akinisemesha Kinyaturu, namjibu neno mojamoja. Nilijiambia kwamba Habiba anajipendekeza, lakini nilijua si kweli. Alikuwa ananizidi, basi.

Ijumaa moja mshereheshaji wa harusi alileta gari lake. Kesho yake alikuwa na harusi Kiomboi, na muziki wa msafara ungetoka kwenye gari hilo. Habiba alilitengeneza boksi, akaliziba maungio kwa gundi, akalifunga. Alipokwenda kuswali, nilifungua buti na kulegeza skrubu nne zinazoishika spika. Sikuzitoa, nilizilegeza tu, ili barabara imalizie.

Jumatatu mshereheshaji alikuja anafoka. Spika ilikuwa imekoroma mbele ya bwana harusi na wakwe, kisha ikachanika katikati ya msafara. Watu walimzomea.

"Dada, umenivunjia heshima!" alimwambia Habiba. "Hata skrubu hukukaza?"

"Nilizikaza," Habiba alisema. Alinitazama mara moja tu. "Nilizikaza zote, Fundi Mkuu."

"Basi zimejifungua zenyewe?" Fundi Mkuu alimuuliza, uso umemshuka. Mimi nilikuwa nakunja waya.

Mwezi haukuisha Habiba akahamishiwa kitengo kidogo cha Kiomboi, chumba kimoja jirani na stendi. Nilirudishiwa meza yangu. Nilidhani nitalala vizuri. Kumbe wateja wakaanza kumfuata Kiomboi, wengine wakitoka huku huku mjini, wakipita mbele ya karakana yetu bila kusimama. Wivu wangu ukapanda na yale magari mpaka Kiomboi.

Miaka ikaenda. Nikawa Fundi Mkuu mimi, yule wa zamani akastaafu akahamia Unyambwa kulima. Masikio yangu yakaanza kuchoka. Besi nilikuwa naisikia, lakini kukoroma hapana. Gari moja lilinishinda siku tatu. Mwishoni nililiendesha mwenyewe hadi Kiomboi.

Habiba alinipokea kwa adabu ile ile. Alipiga muziki, kisha akashika mkono wangu akauweka juu ya boksi. "Usisikilize, kaka. Gusa." Chini ya kiganja changu ubao wa pembeni ulikuwa unacheza. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nikamwambia. Nilisema kila kitu pale pale, mkono bado uko kwenye boksi.

"Nilijua," alisema. "Skrubu nne hazilegei kwa siku moja."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini mimi, mgeni, nikikushtaki wewe?" Alizima muziki. "Mimi sina la kukuambia. Nenda ukamwambie mzee. Yeye ndiye aliyeniona mzembe."

Nilipitiliza hadi Unyambwa siku hiyo hiyo. Nilimkuta mzee anapukuchua mahindi. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu." Nilipomaliza kueleza, aliweka gunzi chini. Hakunitukana. Aliniomba nimpigie Habiba simu, akamwomba radhi.

Nimestaafu mwaka huu. Nyinyi mnaoshika bisibisi leo, utaratibu wa kutafuta kelele nimewaandikia hapo juu, ufuateni, hautawaangusha. Kuhusu moyo sina utaratibu wa kuwapa. Maana siku ile Unyambwa, baada ya kuomba radhi, mzee aliendelea kuzungumza na Habiba. Alimuuliza habari za kazi, za watoto, na jinsi alivyougundua ule ufa. Akacheka kicheko kile cha zamani, akasema, "Mkono wako, mwanangu, sijapata kuona mwingine." Nilikuwa nimekaa kwenye gunia mbele yake, nimetoka kuungama, na simu ni yangu. Nikaona wivu.