Kaptula Mbili za Kuogelea

Nyumba yangu ya Nyakato, hapa Musoma, ina vyumba sita, na vyote vina dari. Nasema hivyo mapema ili ujue unasoma habari za mtu gani. Darasa la saba nilimaliza kwa sababu walimu walichoka kuniona, si kwa sababu nilijua kitu. Nilianza kwa kubeba karai la dagaa kichwani pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, maji ya samaki yananichuruzika mpaka kiunoni. Leo nina fuso mbili, na dagaa wangu wanafika mikoa ambayo wale waliokuwa wa kwanza darasani wanaisikia redioni tu. Nikipita mjini Musoma wananiitaga tajiri. Sikatai.

Vyumba sita, na mimi nalala kimoja. Asubuhi nikiamka nawasha redio, halafu nawasha na televisheni ya sebuleni, naenda kuoga huku nasikia watu wanaongea. Mama wa watoto wangu tuliachana muda sasa. Alihamia Bunda, mtaa wa Nyasura, akaondoka na watoto wote watatu. Sina ugomvi naye. Ni mwanamke anayejua anachofanya, na hilo ndilo lililotushinda, maana hata mimi ni hivyo hivyo.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia nilimpigia simu. Nikamwambia safari hii nataka watoto waje Nyakato, wakae likizo yote.

"Watakaa na nani?" akauliza.

"Na mimi."

"Wewe unashindaga mwaloni."

"Nitashinda nyumbani. Kazi ina watu wake."

Nikasikia mtu anachota maji upande wake.

"Sikiliza, baba watoto. Hawa hawajakuzoea. Wachukue siku moja kwanza, uwapeleke mahali wacheze. Wakirudi wakisema wenyewe kwamba wanataka kuja kwako, mimi nitawafungia nguo. Wasiposema, usinilaumu."

Siku moja, basi, ndiyo iliyoibeba likizo nzima. Mtu mwingine angeogopa. Mimi ni mtu wa mipango. Nje kidogo ya Bunda pamefunguliwa bustani ya michezo, yenye treni ya watoto, jumba la upepo la kurukia, vikombe vikubwa vinavyozunguka, na bwawa lenye mserereko mrefu wa bluu unaokutupa majini. Watu wanapaita kwenye mabembea. Wenzangu wanawapelekaga watoto kama wanavyopeleka mbuzi malishoni, wanafungua mlango wa gari, wanasema haya. Mimi nilikwenda kwanza peke yangu, siku ya kazi, kupakagua.

"Watoto wako wapi, mzee?" aliniuliza dada wa getini.

"Wako nyuma."

Akachungulia nyuma yangu, akaona barabara. Akanipa tiketi.

Nilizunguka kila kitu. Palikuwa na ubao uliochorwa twiga, mtoto anasimama pale wanapima kama anafika pa kuruhusiwa. Nikawapanga wangu kichwani, maana mimi siandiki, nakumbuka. Wa mwisho, wa kike, ana miaka sita: huyo ni treni na jumba la upepo. Wa katikati, naye wa kike, kumi na mmoja: vikombe. Mkubwa ni wa kiume, kumi na tano. Huyo alikuwa ametoka jandoni Desemba iliyopita, kijijini kwa mdogo wangu, upande wa Butiama, na katika mbuzi wote waliochinjwa siku ile wangu ndiye aliyekuwa mkubwa. Mbuzi huyo nilimpeleka na gari mwenyewe, nikamshusha, nikageuza, maana mvua ilikuwa inatishia dagaa walioanikwa. Kwa mkubwa niliweka mserereko. Kuogelea nilimfundisha mimi, ziwani, akiwa mdogo ananing'inia shingoni. Tutashuka pamoja, nikasema, baba mbele, mtoto nyuma.

Siweki mtoto wangu mahali sijapajaribu. Nikapanda. Kule juu alikuwepo mama mmoja mnene mwenye filimbi, mtunza bwawa.

"Huu ni wa watoto na wazazi wao," akasema.

"Mimi ni mzazi."

"Wa nani?"

"Wanakuja Jumamosi."

Akaniangalia, akanionea huruma au aliona nitamchelewesha, akaniruhusu. Nikashuka. Ni mwendo, nakwambia. Nilipoibuka nikajikuta nageuka kutafuta wa kucheka naye, nikakuta bwawa tupu, na majani mawili yanaelea.

"Umesahau kupiga kelele," yule mama akaniambia kwa sauti kutoka juu. "Wenzio wakishuka wanapiga kelele."

"Nitapiga Jumamosi."

Nikirudi Musoma nilipitia sokoni nikanunua kaptula mbili za kuogelea, rangi moja, mistari ile ile, moja yangu na moja ya kijana. Muuzaji akauliza kama ni za timu. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi nilifika Nyasura kabla jua halijakausha umande. Wasichana walitoka wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Kijana akatoka nyuma yao, akainama kidogo mlangoni asigonge kichwa. Akanipa mikono yote miwili, macho chini, akasema shikamoo baba kwa sauti ambayo nilidhani ni ya mtu mwingine ndani ya nyumba. Nikaona ni haya. Itamtoka majini.

Mipango ya wale wadogo ilikwenda kama mipango inavyokwendaga. Wa mwisho aliiogopa injini iliyokuwa inapuliza jumba la upepo, akalia, akakimbia kumkumbatia kaka yake mguu wakati mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi. Treni aliipenda. Alipanda mpaka mwendeshaji akawa anamwita mama mkwe. Wa katikati alivitazama vile vikombe.

"Baba, hivi ni vya watoto."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi naweza kumshikia mdogo wangu viatu."

Sikujali. Kwangu siku yenyewe ilikuwa bado, ilikuwa bwawani. Tulipofika pale nikafungua mfuko, nikatoa kaptula moja nikampa kijana, nikabaki na yangu mkononi.

"Twende tukabadilishe."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikuta sokoni.

"Baba, wewe oga. Mimi nitaoga nyumbani."

"Unaogopa maji? Si mimi niliyekufundisha?"

"Siogopi."

"Basi nini? Imekubana? Hujaijaribu."

Akamtazama dada yake. Yule mtoto wa miaka kumi na mmoja akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti anayotumia mama yake wakiwepo wageni:

"Baba, kaka ametoka jandoni. Ataogaje na wewe?"

Ambaye si wa kwetu nitamweleza. Kijana akishatoka jandoni haogi na baba yake. Hakai kwenye kitanda cha baba yake, haingii chumba anacholala baba yake, wala baba haendi kuchungulia anapolala yeye. Hakuna aliyewahi kulifundisha darasani, na ndiyo maana hata mimi nalijua vizuri. Mwenyewe nilipotoka jandoni, siku niliyomkuta baba yangu anaoga mtoni nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka nikaanguka kwenye miiba, na nikaona fahari kuanguka. Na mbuzi nilimpeleka mwenyewe. Nilijua kijana ametahiriwa kama ninavyojua bei ya gunia, lakini nilipokuwa napanga siku yetu niliendelea kumwona yule anayening'inia shingoni. Niliwapanga kwa umri, kama wanavyopanga shuleni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto hakutaka kuniaibisha. Alisimama pale kashika kaptula kifuani kama mtu anayemshikia mwenzake mzigo.

Juu kwenye mserereko yule mama wa filimbi akanitambua.

"Mzee, si leo ndiyo unapiga kelele?"

"Maji ya leo ni baridi," nikamwambia.

"Yale yale ya juzi."

Nikarudisha yangu kwenye mfuko.

Tulikula samaki wa kukaanga, chini ya turubai. Nilijua siku inaniponyoka, nikafanya ninachofanyaga mteja akianza kuondoka: nikasifia bidhaa. Nikawaambia habari za nyumba. Dari, vigae, choo ndani, maji hayakatiki kwa sababu nina tangi langu. Chumba cha wasichana kina kabati lenye kioo. Chumba cha kijana nimekiweka mlango wake unatazamana na wangu, hatua chache tu, nikimwita hata kwa kunong'ona anasikia.

Kijana alikuwa anachambua sato taratibu. Akaacha.

"Nyumba ni nzuri, baba," akasema. Halafu baadaye, kama anayezungumza na mifupa: "Kwa baba mdogo wamenipa kibanda, karibu na lango, mlango unatazama njia."

"Kibanda cha nyasi? Mimi nimekuwekea dari."

Wa katikati akacheka, akaziba mdomo. Wa mwisho akaniuliza:

"Baba, vile vyumba vyote unakaaga peke yako?"

"Ndiyo."

"Huogopi?"

"Niogope nini, mimi?"

Akanisogezea kipande cha mkia wa samaki wake. Nikakila.

Jioni niliwarudisha Nyasura. Mama yao alikuwa mlangoni na kanga begani. Akawapokea, akawaangalia usoni mmoja mmoja, anavyokaguaga mchele.

"Mmefurahi?"

"Ndiyo, mama."

"Mmemshukuru baba?"

"Asante, baba."

Nikakaa kwenye gari, nimeshusha kioo, nasubiri mmoja aseme lile neno. Sikuzima injini wala sikuondoka. Wa mwisho alikuwa anasinzia mgongoni kwa kaka yake. Wa katikati alinitazama mimi, akamtazama kaka yake, akatazama chini. Hakuna aliyesema. Wakaingia ndani.

Mama yao akaja mpaka dirishani.

"Umesikia mwenyewe."

"Sijasikia kitu."

"Ndicho ninachokwambia." Akauweka mkono kwenye mlango wa gari. "Hawajakukataa. Mkubwa hawezi kulala nyumba unayolala wewe, na wadogo hawaendi asipokwenda mkubwa. Hata ungewajengea ikulu."

"Ungeniambia siku ile kwenye simu."

"Nikuambie mimi, mwanamke, mambo ya jando? Mwenye mwana ni wewe."

Likizo ya mwezi wa sita ikapita. Redio na televisheni zikaongea. Kaptula zote mbili nilizitundika bafuni, sijui kwa nini, labda kwa kuwa msumari ulikuwepo. Ya kijana alikuwa ameirudisha kwenye mfuko bila mimi kumwona.

Halafu nikaita fundi, mtu wa Kiabakari, ninayemtumia siku zote kwa sababu hanidanganyi sana. Nikamwonyesha kiwanja kati ya nyumba na ukuta, upande wa lango, lile linalolia likifunguliwa.

"Hapa chumba kimoja. Na choo chake. Na mlango wake."

"Tajiri," akasema, "vitano vitupu, unaongeza cha nini?"

"Cha mtu mzima."

"Mlinzi?"

"Mlinzi mama yako. Mwanangu."

Akacheka, akachukua kamba yake ya kupimia. Aliponiuliza mlango uwe upande gani, nilikuwa nimeshafikiri. Nikamwambia utazame nyumba kubwa, usawa wa dirisha la chumba changu. Akapima kwa kamba mara mbili. Mimi nilitaka asubuhi nikifungua pazia nimwone anatoka. Si kuingia kwake, si kuchungulia. Kumwona anatoka tu, anapiga mswaki, anatema, kama watu wengine wanavyowaonaga watoto wao.

Kiliisha kuezekwa mwezi wa kumi, kwa bati lile lile la nyumba kubwa. Nikampigia simu mama yao, nikamwambia waambie. Hakuniahidi kitu. Zikapita siku, ndipo ikaingia simu kwa namba yake, lakini aliyezungumza ni wa katikati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnaendeleaje?"

"Vizuri. Kaka anauliza kitu."

"Mpe simu aulize mwenyewe."

Kukawa na minong'ono.

"Anasema nimuulizie mimi. Mlango wa hicho chumba unatazama wapi?"

Mimi kwenye biashara sijawahi kuchelewa kujibu.

"Unatazama njia," nikasema. "Akitoka ni lango hilo hapo."

"Haya, nitamwambia."

"Amesema atakuja Desemba?"

"Ameuliza mlango tu, baba."

Simu ikakatika. Nikatoka nje. Mlango ulikuwa pale, umepakwa rangi ya kahawia, unanitazama mimi.

Fundi nilimpata siku ile ile, alikuwa na kazi mtaa wa pili. Alikuja na baiskeli, akasimama anausikiliza mpango wangu, mkono kiunoni.

"Niuzibe huu, nitoboe upande wa lango."

"Ndiyo."

"Rangi haijakauka hata vizuri, tajiri."

"Basi haitakuuma kuibandua."

Akazunguka chumba, akagonga ukuta na kiganja akitafuta pa kuanzia. Halafu akageuka, akalitazama dirisha langu, akautazama mlango. Naona hapo ndipo alipoelewa kwa nini siku ile nilitaka usawa wa dirisha.

"Lakini ukifanya hivyo," akasema, "akiwa anatoka asubuhi hutamwona."

"Nitalisikia lango," nikamwambia. "Usilitie mafuta."