Vidonge vya Mume Wangu Kwenye Suruali ya Breki

Vidonge vya mume wangu nilivikuta kwenye mfuko wa suruali ya mwanaume mwingine.

Subirini kwanza, msiende mbali na mawazo yenu. Suruali ililetwa kazini kwangu kufuliwa. Mimi ni dobi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa nguoni mwa mtu mwingine kabisa.

Pale kazini tuna sheria moja ambayo bosi haitanii. Hakuna nguo inayoingia kwenye mashine kabla mifuko haijageuzwa. Ukikuta kitu, hata kijiti cha meno, unakitia kwenye kifuko, unabana na pini pamoja na namba ya risiti, unamrudishia mwenyewe mkononi.

Nimeshakuta funguo. Nimeshakuta meno ya bandia. Barua za mapenzi ndiyo usiseme.

Sikuwahi kukuta mwandiko wangu mwenyewe.

Karatasi tatu ndogo, zimekunjwa vizuri, nyuma zina maandishi ya risiti zetu za zamani. Ya kwanza imeandikwa "Siku ya 58". Ya pili, "Siku ya 59". Ya tatu, "Siku ya 60". Ndani ya kila moja vidonge viwili, kimoja cha zinki, kimoja cha vitamini.

Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemkabidhi mume wangu mlangoni karatasi ya siku ya 61. Akaipokea, akaniambia asante mke wangu.

Nikakaa chini juu ya lundo la mashuka.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo ndipo mtaelewa kwa nini nilitaka kuua mtu.

Nina miaka thelathini na minane. Ndoa ilikuwa na miaka sita, mtoto hakuna. Tulienda kliniki, tukapimwa wote wawili. Mimi nikaonekana sina tatizo. Mume wangu mbegu zake chache, na hizo chache zinajikokota.

Nesi wa pale ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Alitueleza taratibu.

"Mbegu za mwanaume hazitengenezwi leo zikatumika kesho. Zinachukua kama miezi mitatu. Anachomeza leo, kama kitasaidia, tutakiona baada ya siku tisini. Sigara aache. Akirukaruka siku, tutakuja kupima nini hapa?"

Akanigeukia.

"Na wewe, vidonge vya foliki anza leo, kabla ya mimba. Wengi wanakuja kuianza mimba ina miezi miwili, uti wa mgongo wa mtoto ulishajijenga zamani. Na sikilizeni, hivi si uchawi. Simwahidi mtu mtoto. Ninachowaomba ni muda, na muda msiuchezee."

Mimi nikabeba maneno yale kama yai.

Foliki yangu kila asubuhi, nikishapiga mswaki tu. Dawa yake, zinki na vitamini, tukapanga aimeze mchana huko kazini, kwa sababu zinki ikikuta tumbo tupu inamchafua roho. Nikakata risiti za zamani, nikafunga vidonge vya siku moja moja, nikaandika namba kuanzia 1 mpaka 90. Kila siku karatasi moja mlangoni, kama mtoto wa shule anayepewa daftari.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo. Nilimkabidhi mlangoni, sikumwona akimeza.

Siku tuliyotoka kliniki aliniomba kitu kimoja.

"Mama asijue kwamba ni mimi. Nakuomba."

Nikakubali. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilimpenda, nikasema aibu ya mume ni yangu.

Weee! Nilijua ninachokibeba?

Alimwambia mama yake "tumepewa dawa ya miezi mitatu". Basi. Hakusema dawa ni ya nani. Mama mkwe akajijazia mwenyewe. Kila Jumapili jioni anakuja, anakaa kwenye kiti kilekile, ananitazama tumbo kabla hajanitazama uso.

"Dawa unakunywa lakini? Isije ikawa unaificha chini ya godoro."

Mume wangu yuko palepale. Anachezea rimoti.

Siku nyingine akasema, "Mkulima mwenye akili, shamba likigoma, anatafuta shamba jingine. Miezi mitatu ikiisha tutakaa kikao."

Nilijua kikao hicho ni cha nini. Cha kunifungashia virago.

Sasa rudini kwangu, juu ya lundo la mashuka.

Namba ya risiti ilionyesha suruali ni ya Breki. Breki ni mwalimu wa udereva, anafanya kazi na mume wangu; shule yao haifungi hata Jumapili mchana. Wanamwita Breki kwa sababu mwanafunzi akikanyaga mafuta tu, mguu wake yeye uko kwenye breki.

Alikuja saa kumi jioni kuchukua nguo zake, anapiga mluzi. Nikamwekea zile karatasi mezani.

"Shemeji, hivi umevitoa wapi?" nikamuuliza.

"Aa, hizo! Si vitamini anazogawa mumeo? Kila mchana tukimaliza kula ananirushia. Vinanipa hamu ya kula vibaya sana. Hizo tatu nilizisahau."

"Tangu lini?"

"Yaani tangu mwanzo. Hata leo nimekula ya kwangu. Anasema, 'Mke wangu ananilisha madawa kama kuku wa mayai, mimi mzima bwana, kula wewe.'"

Mzima.

"Wewe una watoto wangapi, Breki?"

"Watano, shemeji. Wa sita yuko njiani."

Jamani, pasi ilikuwa mkononi! Na ilikuwa ya moto! Mungu tu. Sisemi ni vidonge, maana huyu mtu alikuwa anazaa kabla hajaijua zinki ni nini. Lakini niambieni, ningefanyaje nisipandwe na mori?

Siku sitini na moja. Wengine mtasema ni vidonge tu. Mimi sikuona vidonge, niliona siku. Kwa umri wangu siku hazina duka la kwenda kununua nyingine. Na kila moja nilikuwa nimeilipia kwa tusi la mama yake, nikanyamaza, kwa ajili yake!

Nilipomweleza Breki ukweli, alinywea. Mpaka akavua kofia.

"Shemeji, kweli tena, sikujua. Nimwambie?"

Hapa ndipo shetani aliponipitia.

"Usimwambie. Endelea kuvipokea. Ila usile. Kila jioni niletee hapa."

Nilitaka kikao kifike. Nilitaka niwamwagie mezani wote wawili, mama na mwana, waone. Nililitengeneza lile tukio kichwani kama mtu anayepiga pasi gauni la harusi.

Kuanzia siku ya 62, kila asubuhi nilimkabidhi karatasi, nikatabasamu. Kila jioni Breki akapita na ileile karatasi. Naiweka kwenye mfuko wa kitambaa chini ya meza ya kupigia pasi.

"Umemeza?" nilikuwa namuuliza nyumbani.

"Nimemeza."

Anasema bila hata kupepesa macho! Nilimchukia mpaka sauti yake ya kutafuna mkate ikawa inaniumiza masikio.

Siku ya 90 ikawa Jumamosi. Breki alinipitishia karatasi ya mwisho, nikarudi nyumbani na mfuko. Mama mkwe alifika jioni, amevaa nguo za kikao. Tukala. Nikatoa vyombo. Akajiweka sawa kwenye kiti chake.

"Haya. Miezi mitatu imekwisha. Dawa mmepewa, matunda hatuyaoni. Mwanangu anazeeka. Mimi nasema binti wa watu arudi kwao kwa heshima, kila mtu ajaribu riziki yake."

Mume wangu akainamisha kichwa. Hata "mama, subiri" ilimshinda.

Nikaenda chumbani, nikarudi na mfuko. Nikaumwaga mezani.

"Mama, kazini kwetu kitu kikikutwa mfukoni kinarudishwa kwa mwenyewe. Huu ni mzigo wa mwanao. Mbegu zake ndizo chache, si tumbo langu. Dawa ni yake. Na zote alikuwa anamlisha Breki."



Nilisubiri karibu mwezi mzima kuona uso ule. Niliuona, na nikafurahi, siwadanganyi.

"Ni kweli?" mama mkwe akamuuliza mwanawe.

"Mama..."

"Nimekuuliza, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukumeza?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikimeza ndiyo nimekubali kwamba ni mimi."

"Na mimi nimemtukana mtoto wa watu miaka sita, wewe umekaa unabonyeza rimoti?"

Alinyanyuka, nikadhani anamzaba kofi. Akakaa tena. Akavuta zile karatasi.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa mtunza stoo wa shule miaka ishirini. Huwezi kumwekea kitu mbele yake asikipange. Vidole vikaanza kazi vyenyewe huku machozi yanamtoka. 58. 59. 60. Akazipanga kwa safu mpaka 90.

Akasimama kwenye pengo.

"Ya 61 iko wapi?"

"Breki aliila mchana ule, kabla sijaongea naye."

"Kabla hujaongea naye." Akanitazama. "Kwa hiyo siku ya 61 ulishajua."

Nikanyoosha karatasi ya 62 iliyojikunja.

"Na hizi nyingine zote ulikuwa unazipokea mwenyewe? Unajua hamezi, unamfungia nyingine, unamkabidhi?"

"Mama, nilikuwa na hasira."

"Hasira ulikuwa na haki nayo. Mimi na huyu tuliistahili." Akaweka kidole juu ya safu, akahesabu kimyakimya. "Ishirini na tisa. Sitini na moja aliziua yeye. Hizi ishirini na tisa ameziua nani?"



Nilimkasirikia mama yule kuliko siku zote za miaka yake sita ya matusi. Kwa sababu safari hii alikuwa anasema kweli.

Akachukua karatasi ya 62, akaifungua, akamsogezea mwanawe glasi ya maji.

"Umeshakula. Meza."

Akameza. Mbele yetu wote, jasho linamtoka kama anayemeza jiwe.

Mama mkwe akachukua kalamu, akakata ile 62, akaandika 1. Kisha akanishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Sitakuja na mdomo ule tena."

Nimemsamehe? Nusu. Mume wangu naye bado namdai maneno mengi, na siku akianza kuchezea rimoti watu wakiongea, naichomoa betri.

Leo nikiandika haya ni siku ya 44 ya hesabu mpya. Anakula, anameza mezani kwangu, nakata namba. Sigara ameacha, ana kisirani kama mbuzi aliyefungwa. Asubuhi hii tulipomweleza nesi, akaniuliza swali moja tu: "Ungesema siku ile, leo mngekuwa wapi?"

Siku ya 73, arobaini na nne hizi na zile ishirini na tisa. Nilishapiga hesabu kabla hajauliza. Naipiga kila asubuhi.

Sijui kama tutapata mtoto. Nesi hakuahidi na mimi siwaahidi.

Ila ninyi mnaosoma mkiwa na ushahidi wenu mmeuficha mahali, mnasubiri siku nzuri ya kuumwaga mezani, nisikilizeni. Hasira hasara, tumeimba tangu utotoni, tukadhani hasara ni sahani kuvunjika. Kumbe hasara nyingine ni tarehe. Kama una haki, idai leo. Kidonge cha jana hakimezeki.

Zile karatasi ishirini na tisa sikuzitupa. Vidonge vyake tulivimaliza, lakini kila karatasi iliyobaki tupu niliipeleka kazini, nikaitia kwenye kifuko, nikabana na pini kama sheria inavyotaka. Mahali pa kuandika mwenye mzigo, nimeandika jina langu.