Mlinzi wa Lango la Saba

Zamani mtu alishindwa na jambo akarudi kulianza upya. Siku hizi akishindwa mara mbili tu anaulizwa kama angependa lirahisishwe.

Kila ninapoliona swali hilo kwenye skrini ya mtu, namkumbuka mdogo wangu. Watu walimwita Sitini. Jina alilipata ofisini, kwa kuwa alipiga taipu maneno sitini kwa dakika bila kutazama vidole, na likamfuata mpaka mtaani kwetu, ambako waliomwita Bi Sitini walidhani ni umri wake. Alipotimiza miaka sitini kweli, mwenye duka la jirani alimwambia jina limemfikia. Akajibu kwamba limechelewa, kama barua zote za ofisi ile.

Alikaa miaka ishirini na saba katika chumba cha wanawake kumi na mmoja na mashine kumi na moja. Wenzake walikuwa na vichupa vya rangi nyeupe ya kufutia makosa. Yeye hakuwahi kuwa nacho. Akikosea herufi moja kwenye mstari wa mwisho, alichomoa karatasi, akaweka nyingine, akaanza tena na tarehe. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema barua iliyopakwa rangi inasomeka vizuri tu, ila aliyeiandika anajua palipo na kiraka. Tena alihesabu. Ili kichwa cha barua kikae katikati ya ukurasa, mpiga taipu alihesabu herufi zake, akagawa kwa mbili, akarudi nyuma nafasi hizo. Midomo yake ikazoea. Nyumbani alihesabu ngazi, vifungo vya shati langu, matone ya bomba bovu. Kisha kompyuta zikaja, na ndani ya wiki moja zile mashine zikapangwa kwenye korido kama viti vya msiba uliokwisha. Wanawake kumi na mmoja wakabaki wawili. Yeye akawekwa mapokezi, awaelekeze wageni choo kilipo, mpaka akastaafu.

Mimi nilikuwa fundi wa redio na televisheni. Darasani sikupita mwaka wa nne. Ufundi niliuchota kwenye vitabu vilivyouzwa kwa kilo ili vichanwe karatasi za kufungia vitu. Chumba cha mbele cha nyumba yangu kilikuwa karakana. Na sisi mafundi wa wakati ule tulikuwa na desturi yetu, ambayo nayo imekufa. Ukifungua redio ya mtu kwa ajili ya swichi, ukakuta waya umelika, unauunga na huo, unafunga, unanyamaza. Mteja hakuhitaji kujua ulichogusa. Alihitaji kusikia redio yake ikiongea. Fundi wa leo akifungua kitu anakutajia magonjwa kumi, kisha anakwambia ununue kipya.

Mdogo wangu alihamia kwangu mumewe alipofariki. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Tulikuwa wazee wawili ndani ya nyumba, kila mmoja na kazi isiyohitajika tena, na tulielewana vizuri.

Gemu iliingia nyumbani na kifaa cha mteja, kile kisanduku cha kuchezea gemu kinachounganishwa na televisheni. Kilikuwa kinazimika kwa joto kwa sababu feni ilijaa vumbi. Nilipokisafisha nilihitaji mtu wa kukichezea wakati mimi napima joto, nikamwita mdogo wangu, aliyekuwa anakunja nguo. Ndani mlikuwa na gemu moja tu. Mtu mmoja mwenye upanga na taa anashuka kwenye ngome yenye malango saba, na kila lango lina mlinzi wake. Hana mwenzake, hana wa kuongea naye. Akiuawa anarudishwa mwanzo wa lango. Mlinzi wa kwanza alimuua papo hapo. Akamuua tena, na tena. Nilipomaliza kupima nikamwambia aache, kifaa kimepona.

"Subiri, kaka," akasema bila kugeuka. "Mara zote tatu kanipiga kutoka kushoto."

Mwenye kifaa hakurudi, tulisikia amehama. Kwa miaka sita mdogo wangu alikaa mbele ya televisheni kila alasiri, kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka kama yuko kazini. Rimoti ya gemu, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, hakuitazama hata siku moja. Walinzi aliwapa vyeo vya ofisini. Wa pili alikuwa Mhasibu, kwa sababu alikukata kidogo kidogo mpaka unashtukia huna kitu. Wa nne alikuwa Mkuu wa Masjala, maana ukimtafuta hayupo na usipomtafuta yuko nyuma yako. Wa saba, wa mwisho, alikuwa Mkurugenzi. Huyo alikuweka mlangoni muda mrefu, halafu akakumaliza kwa neno moja.

Juu ya gemu alikuwa na maoni kama wengine walivyo na maoni juu ya serikali, na kila aliyeleta redio kutengenezwa aliyasikia, atake asitake. Alisema gemu ngumu haina chuki na mtu. Mlinzi hakupigi kwa kuwa u mjane au huna mtu wa kukushika mkono huko juu; anakupiga kwa kuwa umesimama pabaya, na ukihama hakupigi. Wapi kwingine, aliuliza, utaonyeshwa kosa lako papo hapo, kila mara, bila kutukanwa? Lakini gemu zenye ugumu wa uongo, ambazo adui ameongezewa damu tu, alizidharau na kuziita foleni: hazikufundishi kitu, zinakusimamisha. Video za watu wanaoonyesha njia hakuziangalia. Alisema ni sawa na kusimuliwa chakula na mtu aliyeshiba. Gemu za kushindana na watu pia hakuzitaka. Alikuwa ameshindana na watu maisha yake yote, alisema, sasa waache ashindane na kitu kinachokaa mahali pake.

Kanuni yake ya karatasi aliihamishia humo humo. Akiguswa hata pigo moja kabla ya kumfikisha mlinzi nusu ya uhai wake, aliweka rimoti chini, akaacha auawe, akaanza tena. Lango la sita lilimchukua miezi kumi na moja kwa ukaidi huo. Mwenye duka alimwuliza kama kule ndani wanamlipa pensheni ya pili. Akajibu kwamba wale angalau hawajawahi kupoteza faili lake.

Mwaka wa tano mpwa wangu alikuja likizo, akakiunganisha kifaa na intaneti ya simu yake, na gemu ikajisasisha. Tangu siku hiyo kwenye mipangilio pakawa na neno jipya: Msaada. Ukiuwasha, mapigo yako yanakuwa mazito na ya adui yanakuwa mepesi. Mimi nililipokea neno hilo kwa ukali. Nilisema ndivyo dunia ilivyoharibika, kila kilima kinawekewa mteremko pande zote mbili. Yeye alinishangaza kwa upole wake. Alisema yuko mtu mwenye mkono mmoja, yuko mwenye macho mabovu, yuko anayetaka kuijua hadithi tu basi, nao wacheze. Mradi mtu auwashe mwenyewe, akijua ameuwasha. Yeye hakuuwasha.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kijiko, halafu kitasa cha mlango, halafu sahihi yake ikawa haifanani na sahihi yake. Daktari alisema ni ugonjwa wa neva. Dawa zingeuchelewesha, si kuuondoa. Binti yake akapiga simu kwamba atakuja kumchukua, akae naye karibu na hospitali anayofanyia kazi. Wakapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mdogo wangu hakubisha. Alisema jambo moja tu: kabla ya Jumamosi hiyo anataka kumwona Mkurugenzi chini. Akailegeza hata kanuni yake. Alisema safari hii atakubali karatasi chafu, iwe na viraka vyote vya duniani, mradi iwe ya mkono wake.

Zilibaki wiki tatu. Kitufe cha kukwepea kilikuwa chini ya kidole gumba cha kulia, na kilitaka kubonyezwa kwa wakati wake tu, si kabla, si baada. Kidole kilichelewa. Akaiweka rimoti mezani akawa anakibonyeza kitufe kwa kidole cha kati, kama alivyogonga taipu. Akapata nafuu. Jumatano ya wiki ya mwisho alimfikisha Mkurugenzi ukingoni kabisa. Mstari wa uhai wake ulibaki mwembamba kama uzi. Mkono ukaruka. Akauawa. Alikaa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama unavyomshika mtoto mtukutu mbele ya wageni, na nikaona analia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mumewe.

Alhamisi asubuhi alikwenda kliniki. Nilibaki peke yangu nyumbani, na sikufikiri sana, wala sisemi hivyo kujitetea. Nilifanya nilichofanya kwa miaka arobaini. Niliona waya umelika, nikauunga, nikafunga, nikanyamaza. Niliwasha kifaa, nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha Msaada, nikazima. Kisha nikarudi kwenye redio niliyokuwa naitengeneza, na nakiri nilikuwa na furaha.

Alirudi saa tisa, akanywa maji, akakaa. Nilijifanya nachomea nyaya. Nikasikia panga, nikasikia ule mguno wa Mkurugenzi nilioujua kama mguno wa jirani, halafu nikasikia muziki ambao haukuwahi kusikika ndani ya nyumba hiyo. Lango la saba lilikuwa limefunguka. Yule mtu wa taa alitoka nje kulikokucha, akaiweka taa chini, na majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda. Nilisimama nikapiga makofi.

Yeye hakutabasamu. Alingoja majina yaishe.

"Kumi na tisa," akasema.

Nikamwuliza kumi na tisa nini.

"Mapigo. Mkurugenzi anataka thelathini na mbili. Jana nilimfikisha thelathini na moja. Leo kaanguka kwa kumi na tisa."

Nikasema labda leo amempiga pazuri zaidi. Katika maisha yetu yote huo ndio uongo pekee niliomwambia, na haukudumu hata dakika. Alifungua mipangilio mwenyewe, kidole kikitetemeka, akashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye lile neno. Akalitazama.

"Kaka, ningetaka msaada ningeuwasha," akasema. "Hata mkono huu ungeliweza hilo."

Nikamwambia tuuzime, bado Ijumaa ipo, atacheza upya. Maneno yalinitoka kama maji. Yeye akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni pale mapokezi, kwamba gemu ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi safari, na ukifika mwisho inafutika, unarudi lango la kwanza. Miaka sita ilikuwa imefutika. Na hata isingefutika.

"Mwisho nimeshauona," akasema. "Siwezi kupafikia tena mwenyewe mahali nilipokwisha kupelekwa."

Akazima kifaa, akazungusha waya kwenye rimoti, akavitia vyote kwenye boksi. Hakuninunia. Angeninunia ningejua pa kuanzia. Aliniuliza kama nitakula sasa au baadaye. Ijumaa alifunga nguo zake. Jumamosi binti yake alipofika na gari, nilibeba lile boksi nikataka kuliweka nyuma pamoja na mizigo. Mdogo wangu akaweka mkono juu yake.

"Baki nacho, kaka. Utapata mteja."

Kwa simu tuliongea mara nyingi. Aliniuliza habari za mwenye duka, za bomba, za kifua changu. Kila mara nilikuwa na neno la kumwomba radhi, na kila mara niliona neno hilo si la kusemwa kwenye simu.

Baada ya miezi minane nilikwenda kumwona, na hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho. Walikaa ghorofa ya tatu. Mpwa wangu alinifungulia, akanong'ona kwamba mama yake anachoka mapema, nisimwongeleshe sana. Alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amepungua, na sweta imemzidi. Alikuwa na simu mapajani, yenye gemu aliyowekewa na bintiye ili mkono usilale: matunda ya rangi yaliyopangwa kwa safu, ukiyagusa yanapasuka. Nikaketi karibu naye. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Mdogo wangu, siku ile," nikaanza.

"Yamepita, kaka," akasema upesi, na kwa upole, na nikaelewa kwamba sitaruhusiwa kuyasema.

Akagusa tunda. Simu ikalia kwa furaha, nyota zikamwagika.

"Inanisifu," akasema. "Nikigusa vizuri inanisifu, nikigusa vibaya inanisifu. Hata nikikohoa juu yake inanisifu."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akanipa ile simu, mkono ukirukaruka, nikaipokea kwa mikono miwili isije ikaanguka.

"Cheza na wewe," akasema. "Haina namna ya kushindwa."

Nikagusa tunda moja jekundu. Yakapasuka kumi. Ikaniandikia hongera. Nikagusa tena kwa kuwa alikuwa ananitazama, ikanipongeza tena, na tukakaa hivyo, mimi nikigusa na yeye akitazama, mpaka mpwa wangu alipokuja kusema, "Mjomba, gari lako litakuacha."